Ukuta wa Ngome Nyumbani kwa Mama Mdogo

Jumanne, 1 Julai
Ngomeni tena, tangu umande. Nimefyeka upande wa kaskazini, nikachora kipande cha ukuta kilichobaki. Matumbawe na chokaa, unene kama mkono wangu ulionyooshwa. Walioijenga waliutazama mdomo wa Ruvuma, wajue nani anaingia. Majina yao hatuna. Kuna vigae vya vyombo vya ng'ambo, kisima kilichojaa mchanga, kisha kimya. Ofisa wa mambo ya kale anataka historia fupi ya kuweka kwenye kibao. Naipenda kazi hii kupita kiasi.

Alhamisi, 3 Julai
Nimejua ukuta wa kaskazini ulikokwenda. Ulihamia kijijini. Nyumba ya Mama mdogo Somoe, ninamolala, ukuta wake wa nyuma ni mawe yale yale. Chokaa ya kale bado imeyang'ang'ania. Nikampelekea ofisa picha papo hapo. Nilijiona hodari.

Ijumaa, 4 Julai
Ofisa amejibu. Amefurahi. Anataka mawe yarudishwe, ngome ikarabatiwe. Jumatatu anakuja kuyaona. Mama mdogo ni mjane, hana nyumba nyingine. Ukuta ule ukitoka, paa linafuata. Aliyemwita mtu huyu ni mimi. Sikula.

Jumamosi, 5 Julai
Nimemwambia Mama mdogo. Alikuwa ametoka kupulizia mikorosho, kanga nzima vumbi la salfa, dawa ya ukungu. Alinawa kwanza.

"Nyie mliosoma mnayaonea mawe huruma kuliko watu."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Baadaye, tukimenya muhogo, akanisimulia. Wakwe zake walivuka mto kutoka Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi, watoto mgongoni. Masika nzima walilala ndani ya ngome. Walipopewa kiwanja waliyabeba mawe kichwani, kwa sababu mkwe wake aliapa hatalala tena nyuma ya kuta za makuti.

Nami kwenye historia ya kibao nilikuwa nimeandika kwamba ngome ilihamwa, haikukaliwa tena. Si kweli. Nimeifuta sentensi hiyo.

Jumatatu, 7 Julai
Ofisa amekuja na dereva. Ni mtu mpole, na hilo lilinitia hofu zaidi. Aliupima ukuta akitikisa kichwa. Mama mdogo aliwawekea muhogo na samaki.

"Mkubwa, ukiubeba ukuta, unibebe na mimi. Ila ujue nakula sana."

Walicheka wote. Mimi sikuweza. Nilimsomea ofisa sehemu mpya ya historia: waliokimbia vita, masika ile, mawe vichwani. Nikasema ngome haikubomolewa, iliendelea kukinga watu mahali pengine.

Ofisa akasema ukuta ubaki, na maelezo yangu yaingie kwenye kibao yote. Aliomba jiwe moja tu, lenye nakshi, lililo chini ya dirisha. Mama mdogo alilipapasa kidogo.

"Chukua. Lakini mniachie ukuta mzima, sitaki upepo mgongoni."

Jumatano, 9 Julai
Nimeziba tundu lililoachwa na jiwe. Udongo wa kichuguu, maji, nyasi zilizokatwakatwa. Mama mdogo alinishikia ndoo, akanionyesha kwa kidole nilipoacha nyufa. Udongo bado mbichi, una rangi tofauti na ukuta uliobaki. Ametandika mkeka wake pale pale, mgongo ukutani. Amelala mapema leo. Anakoroma.