Kinanda Chenye Sauti ya Mama

Kisiwani Savai'i,
Jumatatu, baada ya Jumapili ya Watoto.

Mdogo wangu Falaniko,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Auckland, wewe na mkeo Rosita na watoto, na kwamba baridi ya huko imeanza kuwahurumia. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto limenigomea. Nikipanda ngazi za kanisa lazima nishike ukuta kama mlevi. Magimbi yamekubali mwaka huu. Baba mdogo Pelenato alianguka kwenye mnazi lakini hakuvunjika kitu, na sasa anajisifu kana kwamba alianguka kwa makusudi.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kufua nguo, nikarudi nikaisoma tena nikidhani labda macho yamenidanganya. Umeniomba mambo mawili. La kwanza, nisimame kwenye kikao cha ukoo nikusemee upewe jina la baba la ukuu wa ukoo, Leatuvai, ambalo halijapata mwenyewe tangu tulipomzika. La pili, niwakusanye akina mama wa kwaya, maana unakuja na vipaza sauti vipya na kampuni yenu inataka toleo la pili la zile sauti. Nitakujibu yote mawili. Naandika kwa sababu kwenye simu nikianza kusema jambo refu huwa unaniambia mtandao mbaya.

Unakumbuka ulivyokuja na yale masanduku meusi? Kijiji kizima kilijaa ukumbini. Ulituambia unataka kurekodi nyimbo za kwaya ya kina mama kabla hawajazeeka wote, ili wajukuu waje wazisikie. Mama alikuwa haoni wala hasikii kwa furaha. Tukabeba magodoro ya nyumba nzima tukayaangika kwenye kuta za ukumbi ili sauti isirudi, tukafukuza kuku mpaka ng'ambo ya barabara, na Mzee Kolio akakatazwa kuwasha mashine yake ya kukatia majani. Nyaya zilitandazwa sakafuni hata tukawa tunatembea tumeinua sketi.

Halafu ukawaingiza mmoja mmoja. Hukutaka wimbo. Ulitaka "aaa" tu. Aaa ya chini, aaa ya juu kidogo, aaa ya juu zaidi, kwa sauti ndogo, kwa sauti kubwa, kisha "ooo", kisha midomo ikiwa imefungwa. Mama Sefina alivaa zile spika za masikioni, akakuuliza kama hapa ni kwaya au kwa daktari wa meno. Tulicheka hadi ukasimamisha mashine, na wewe mwenyewe ulikuwa unafuta machozi. Ulisema ni kupima mitambo tu, nyimbo zinafuata. Nyimbo ulizirekodi kweli, alasiri moja, mbio mbio, jicho kwenye saa. Mimi mjinga nikadhani umechoka. Ukawagawia nyama ya kopo, wakakuombea dua, ukapanda feri.

Tukangoja nyimbo, zikawa haziji. Kikaja kinanda.

Sitasahau siku ile. Kilishushwa bandarini Salelologa kimefungwa plastiki, kina jina lako na la kanisa. Mchungaji Elekana akakiombea. Mama alivaa gauni jeupe na ile kofia yake ya harusi za watu, akaketi mbele kabisa kama aliyejifungua kinanda chenyewe. Ianeta, binti wa mchungaji, akakaa akaanza kubonyeza vitufe. Mara tarumbeta, mara ngoma, mara mvua, watu wanacheka. Kisha akabonyeza kimoja, ukumbi ukajaa akina mama wanaimba "aaa". Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga, halafu akaacha.

Akainuka, akaomba apishwe. Kwa kidole kimoja akabonyeza sauti ileile mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akageuka akaniambia: "Vaosa, huyu ni mimi." Nikamwambia sauti zinafanana, mama, usijipe makuu. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuanza wimbo mara tatu kwa namna moja, hata baba yake alipokuwa anamtandika kwa sababu hiyo hiyo. Lakini huyu wa humu ndani anavuta pumzi ileile kila akiguswa. Akabonyeza tena, nami nikasikia. Alikuwa yeye, na nyuma yake Mama Sefina, na nyuma yao wengine wote.

Tulikupigia simu jioni ileile. Ulifurahi, ee Falaniko! Ulicheka ukamwambia kweli ni wewe, mama, sasa umo kwenye vinanda vya dunia nzima, hata Wajapani wanakubonyeza. Akakuuliza nani alitoa ruhusa. Ukamwambia sauti ni sauti tu, hujamwibia, si bado anayo kooni. Akanipa simu, akaenda kulisha nguruwe waliokuwa wameshalishwa.

Najua hukutaka shari. Nimejaribu sana kuliamini hilo, na siku nyingine naliamini.

Sikiliza sasa kilichofuata, maana hukuwapo. Haikupita muda mchungaji akasema akina mama wapumzike. Si mtu mbaya, Mchungaji Elekana, ni mvivu wa mazoezi tu. Alisema wazee wanakohoa, wanachelewa, wanagombana nani asimame wapi, na Ianeta anaweza kuifanya kazi yote kwa mkono mmoja. Wakahamishwa viti vya mbele wakapelekwa nyuma. Mama Sefina, aliyeanzisha nyimbo kanisani humo tangu msichana, akawa anakaa anajipepea na kitabu cha nyimbo huku sauti yake inatoka kwenye spika juu ya kichwa chake. Alisema koo lake limempa talaka, limeolewa na umeme. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Kisha Siaosi wa baba mdogo akaleta simu yake yenye ile filamu yako. Umekaa studio kwako, taa za rangi, mitambo imepangwa hadi darini, unaeleza watu jinsi ulivyozinasa. Umesema ni sauti za mabibi wa kisiwani, safi, hazijachezewa, hazina mwenyewe, wewe bonyeza utumie. Ulisema kwa Kiingereza. Umesahau kwamba Mama Sefina ndiye aliyekufundisha Kiingereza darasa la nne? Aliitazama mpaka mwisho, akamrudishia Siaosi simu, akasema asante mwanangu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama akipita sokoni wanasema mpisheni, mpisheni mama mwenye kampuni. Friji uliyotuletea Krismasi ikageuka ushahidi. Mwanamke aliyechimba naye magimbi tangu ujana wao akamuuliza mbele za watu aaa moja alimuuzia mwanawe kwa bei gani. Mama aliapa kwa Biblia kwamba hakujua. Wakaendelea na biashara zao. Akaacha kwenda kanisani, yeye ambaye hata siku ya kunizaa mimi alitaka kwenda.

Alimwendea baba mdogo Pelenato, akamwomba awachukue wanaume wa ukoo waende wakapige magoti nyumbani kwa Mama Sefina, wafanye ifoga, waombe msamaha wamejifunika mkeka kama inavyotakiwa. Baba mdogo akasema ifoga ni ya damu, mtu kauawa, mke wa mtu kachukuliwa. Tangu lini watu wakajifunika mkeka kwa ajili ya "aaa"? Akacheka. Mama akamshukuru kwa muda wake, akarudi nyumbani.

Sasa, Falaniko, kaa chini.

Tulikwambia mama alinyeshewa akitoka shambani, mapafu yakamshika. Si kweli. Hakuwa shambani. Siku ile niliamka nikakuta sanduku liko wazi, na mkeka wa heshima aliousuka kwa miaka akiutunzia siku yako ya kupewa jina, haumo. Nilimkuta mbele ya nyumba ya Mama Sefina, amepiga magoti kwenye changarawe, kajifunika mkeka mpaka chini. Peke yake. Hakuna mwanamume wa ukoo, hakuna msemaji, bibi kizee mmoja chini ya mkeka na watu wanapita barabarani wakienda zao. Nilijaribu kumwinua. Kutoka ndani ya mkeka akaniambia nirudi nyumbani nikachemshe kakao. Nikapiga magoti kando yake, akanipiga kiwiko: "Toka. Aliyemzaa ni mimi."

Mvua ikaja. Unaijua mvua ya Januari. Mama Sefina alikuwa ndani, ameshusha mapazia, na tulikuwa tunamsikia analia na kutupa masufuria. Baadaye aliniambia hakuweza kutoka, kwa sababu hakutaka kumsamehe mtu asiyekuwa na kosa. Kila akisogea mlangoni anamwona mwenye kosa hayupo. Mchana ulikuwa umekwisha kabisa alipotoka akauondoa mkeka, akamkumbatia, wakalia wote wawili kwenye matope. Mama alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Mama Sefina ndiye aliyemuuguza. Alimlisha kwa kijiko hadi siku ya mwisho.

Na kabla hajafa aliniapisha nisikwambie. Alisema wewe ni mtu wa aibu tangu utoto, ukijua hutarudi tena nyumbani. Nilikaa na kiapo hicho. Ulipofika mazishini ukauliza kwa nini kinanda kimefunikwa shuka, nikakujibu umeme unasumbua. Mama Sefina alikuwa ameuchomoa waya kwa mkono wake. Akina mama wakasimama viti vya mbele wakamwimbia wenyewe, wakikohoa, wakikosea, wakilia. Wewe ulikuwa umeinama juu ya jeneza, mabega yanatikisika, nikasema moyoni mdogo wangu ameelewa bila kuambiwa. Halafu nikakuona unatoa simu mfukoni, unawaelekezea.

Hata hilo nililimeza. Nilisema anataka kumbukumbu ya mama yake, nani hataki. Mpaka barua yako, ambamo umeniandikia kwa furaha kwamba kile kipande cha mazishini ndicho kampuni wamekipenda, kina uchungu wa kweli, na ndiyo sababu wanataka zaidi. Uchungu wa kweli! Kiapo changu kiliishia kwenye mstari huo. Mama atanisamehe au hatanisamehe, nitamkuta.

Kikao kilikaa Jumamosi. Baba mdogo alikusemea vizuri, sina ubaya wa kumsema. Alitaja mabati, friji, studio yako, jina lako linavyojulikana ng'ambo. Kisha akanigeukia mimi kama binti wa nyumba, maana unajua dada asipotamka jambo halipiti. Nikawaambia yote kama nilivyokuandikia. Baba mdogo aliinamisha kichwa, na hakukiinua mpaka chai ilipoletwa. Siaosi alipoulizwa kama atalipokea jina, alikataa. Walizunguka weee, mwisho wakanirudia mimi. Nikasema mimi nina goti bovu. Wakasema wanamtafuta Leatuvai, si mcheza raga.

Basi jina limekwenda, Falaniko. Nitavikwa mimi, kabla ya Krismasi. Sikulitaka, na sitakudanganya kwamba nililia nilipolipata.

Ombi lako la pili nalo nililifikisha, neno kwa neno, usije ukasema nilikuzibia. Niliwasomea barua yako akina mama ukumbini. Walisikiliza kwa adabu hadi mwisho, wakachukua mikoba yao wakaenda nyumbani.

Ukitaka kuja, njoo. Chumba chako kipo na nitakupikia. Lakini uje na nguo zako tu. Waya hata mmoja hautavuka kizingiti cha nyumba hii, na safari hii siombi kama dada, naagiza.

Nisalimie Rosita, na watoto wabusu kwenye mashavu, waambie shangazi yao anawapenda. Baba mdogo Pelenato anakusalimu, na Siaosi, na Mzee Kolio, na mchungaji na Ianeta pia. Mama Sefina hakuniambia nikusalimu, na mimi sikumwomba.

Ni mimi dada yako,
Vaosa