Mukono wa golikipa na chupa ya mujomba

Mupendwa Mama Germaine wa mashauri ya gazeti, naomba musaada, mimi munganga Sylvain wa zone ya Kenya, mutaa wetu, si ile inchi, muntu ambaye hata komiseri, mukubwa wa zone, akitaka mvua isinyeshe siku ya sikukuu, anatuma kwanza bantu kuangalia kama niko nyumbani. Mutoto wa dada yangu Victorine, jina yake Jérémie, iko golikipa wa divizio ya pili, na mukono wake wa kuume si mukono wa bantu bote, hapigi mupira na muguu, anautupa na mukono mpaka unapita katikati ya uwanja, siku moja ulienda kuanguka Kasenga, safari ya siku nzima, bavuvi bakaturudishia ndani ya kamioni ya samaki. Mbele ya kila match nilikuwa namupaka dawa ya chupa yangu, bantu banasema chupa njo inatupa, si mukono, mimi sikubisha, na wewe ungebisha? Timu kubwa ya mujini ikasema itamuchukua. Kidole ikavunjika, nikapaka. Kiwiko ikateguka, nikapaka. Sasa wiki mbili bega yenyewe imetoka fasi yake, na mwaka huu wa ovyo kampuni ya shaba imesimama, baba yake hana mushahara. Kwenye dispensari ya masista kuna sista anarudisha mabega bure, lakini Jérémie anakataa kwenda. Anasema: "Mujomba, wewe njo ulifungua huu mukono. Nangoja wewe." Majirani nao banasema niliufunga kwa wivu. Nifanye nini bega irudi na jina yangu ibaki?

Sylvain

Baba Sylvain, pole ya kwanza ni ya mutoto, yako itafuata kama inabaki. Unaniuliza kama ningebisha. Ndiyo, ningebisha, siku ile ya kidole. Bega ikikaa nje ya fasi yake, nyama inashikana, na kila siku unayochunga jina, mukono unasahau kazi. Leo, mbele ya chakula, uketishe Jérémie na mama yake, ufungue chupa, useme iko nini ndani. Umufunge mukono na kitenge shingoni, mwende kwa masista. Asitupe hata jiwe mpaka sista aseme. Na wewe, kule, unyamaze.

Germaine

Mama Germaine, nilifanya. Victorine alinusa chupa, akasema iko mafuta yake ya karanga iliyopotea Pasaka. Nikakubali, niliongeza tu mentole, ipate harufu ya dawa. Jérémie akauliza: "Basi mujomba, ni mimi njo nilikuwa natupa?" Nikamujibu ndiyo, ni wewe tu. Akainuka, akavaa viatu.

Bega imerudi. Kutupa mbali, sista anasema pengine hapana, timu ya mujini imechukua mwingine. Lakini Jérémie anacheka tena, sana sana kwa sababu yangu, maana sista alipotuona mulangoni alinisalimia mimi wa kwanza, akauliza jino yangu inaendelea namna gani. Ni kweli, Mama. Mimi nikiumwa, naenda kwa masista. Huwa napita nyuma, fasi banaanika mashuka.