Mzee Salumu Alikufa na Neno la Wifi

Jumatano, tarehe tisa, mwezi wa nne. Leo ni mwaka mmoja na miezi minane tangu niondoke Kasongo. Hapa Kabambare mvua imekatika tangu asubuhi, lakini matope yamebaki, na suruali yangu imekakamaa mpaka magotini. Jana nilitoka kwenye machimbo, upande wa Lusangi, kwa miguu, kwa sababu pikipiki hazipiti. Nimekaa kwenye benchi ya Dieudo, mwenye duka lenye intaneti, na ninaandika kwa simu yangu.

Sina habari njema. Anayetafuta habari njema aishie hapa.

Mama yangu anaamini kwamba nimekufa.

Ilianza shimo la majirani zetu lilipobomoka wakati wa mvua kubwa. Watu wawili walibaki chini. Mimi sikuwemo, lakini nilikaa wiki tatu bila mtandao, na habari ikafika Kasongo kabla ya sauti yangu. Nilipopata kupiga simu, Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamrudishia dada yangu Mwamini simu na kusema, "Huyu mtu anaongea vizuri. Ni nani?"

Siwezi kumlaumu. Kaka yake mkubwa alipofia Kindu, tulimficha msiba siku kumi na mbili tukingoja ndugu wafike, maana kwetu mtu mzima hapewi msiba akiwa peke yake. Kila jioni tulimwambia: Mjomba anakusalimu, leo amekunywa uji. Maneno ya uji niliyatunga mimi. Sasa akiambiwa Ramazani anakusalimu, anauliza, "Na yeye amekunywa uji?"

Picha za simu hazikusaidia. Jicho lake moja limekwisha. La pili linaona vitu vikubwa tu: mlango, mbuzi, mtu akimsogelea. Daktari alisema huu si mtoto wa jicho, haupasuliwi, na hilo lililobaki halitamaliza mwaka. Mwamini alikuwa akinipigia kwa picha, anamwekea simu karibu na uso. Mama alisema, "Mnanimulikia tochi."

Shauri la kumtumia Mama kompyuta lilitoka kwa Mzee Salumu, mfanyabiashara tuliyekaa naye kiwanja kimoja kule Kasongo. Yeye ndiye aliyeleta sahani ya intaneti na kuifunga juu ya bati lake, na wifi yake inafika mpaka chumba cha Mama. Aliniambia, "Tuma mashine yenye kioo kikubwa. Tutamwonyesha uso wako hivi, kama sinia la pilau."

Nikanunua. Mpya, bado na plastiki yake. Niliizungushia vikwembe viwili vya kitenge na blanketi, nikampa dereva wa pikipiki ninayemwamini. Ilikaa njiani karibu mwezi mzima, ikivushwa mito kichwani mwa watu.

Ilipokuwa njiani, Mzee Salumu akafa. Homa ya siku tatu tu.

Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa na tabia moja: neno la siri la wifi hakumwambia mtu. Ukitaka kuunganishwa, unampa simu yako, anageukia ukuta, anaandika, anakurudishia. Simu ya Mwamini aliiandikia hivyo, nayo ndiyo pekee iliyobaki kiwanjani mbali na yake mwenyewe. Iliendelea kuingia mpaka leo, kama mtu aliyezoea mlango. Lakini mashine mpya lazima iulizwe, na wa kuijibia yuko kaburini.

Hayo nimeyaelewa leo tu. Asubuhi nilikuwa mtu mwenye matumaini.

Saa tatu nilimpigia Mwamini, naye akaiwasha mashine mbele ya Mama. Nilisikia hata mlio wake. Dieudo alisimama nyuma yangu akinipa maneno, nikayapeleka Kasongo mimi, niliyeishia darasa la sita.

"Yaya, iko inaona wifi," alisema Mwamini, ambaye huniita hivyo kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa. "Iko inaomba neno."

"Neno gani?"

"Mimi najua? Mwenye neno tulimzika."

Tukajaribu. Jina la Mzee. Jina la baba yake. Nyangwe, alikozaliwa. Majina ya watoto wake, mmoja mmoja, na Mwamini akiyataja kwa sauti ya chini kama anayesoma orodha ya wagonjwa. Mashine ilikataa yote. Tuliizima, tukaiwasha. Tuliisogeza dirishani. Nyuma yake nilimsikia Mama akiuliza, "Wanamwita nani?"

Mwamini akaenda kwa mjane. Mama Hadija yuko eda, hatoki nje, lakini mwanamke anaweza kuingia kwake. Alirudi na jibu hili: "Mwanangu, miaka thelathini na mbili, hata ufunguo wa ghala sikujua anauficha wapi. Sembuse hiyo."

Dieudo akasema simu nyingine zinaweza kuonyesha neno lililoandikwa ndani yake. Ya Mwamini ni ya zamani, haionyeshi. Ya marehemu ipo, lakini imefungiwa kwenye sanduku pamoja na vitu vyake, na sanduku halifunguliwi mpaka mwanawe mkubwa afike kutoka Kindu na warithi wakae pamoja. Basi, akasema Dieudo, nyuma ya kile kisanduku cha wifi kuna kitundu kidogo; mtu akibonyeza kwa sindano, neno la zamani linafutika. Mdogo wa marehemu, anayelinda nyumba, alimsikia Mwamini akiomba sindano.

"Mnataka kumchoma sindano marehemu? Wifi iko mali ya yatima. Ngojeni arobaini ipite!"

Hakukosea. Ningekuwa yeye, ningesema vilevile.

Sasa naandika kosa langu.

Dieudo alikuwa ametoka kupokea mteja. Mimi niliwahi kumsikia akiwaambia watu: mashine ikisumbua, iambie iusahau mtandao, kisha iunganishe upya. Nikajiona fundi. Nikamwambia Mwamini, "Jaribu kwanza kwenye simu yako. Bonyeza pale pa kusahau mtandao, halafu uingie tena, uangalie jinsi inavyofanya, kisha ufanye hivyohivyo kwenye mashine."

Akabonyeza. Dada yangu ananitii hata pasipostahili.

Nilimsikia akibonyeza tena. Kisha, "Yaya. Na simu yangu sasa iko inaomba neno."

Dieudo aliporudi nilimweleza. Alijishika kichwa. "Ramazani, ndugu yangu, ulikuwa na ufunguo mmoja, ukautupa mtoni ili uone kama unaelea."

Simu ile ilikuwa shahidi wetu wa mwisho. Mama hakuniona, ni kweli, lakini Mwamini alikuwa ananiona, na anamsimulia: amekonda, amefuga ndevu, anacheka. Majirani walikuwa wanachungulia na kuapa kuwa ni mimi. Mtandao wa simu wa kule hauvumilii picha. Sasa imebaki sauti, na sauti yangu Mama alikwisha kuikataa.

Nimeliua dirisha dogo kwa kutafuta kubwa.

Nimekaa hapa tangu wakati huo. Dieudo amenipa chai, hakudai kitu. Nimejiuliza maswali ambayo mtu hujiuliza akiwa na matope mpaka magotini. Kwa nini sikwenda mwenyewe zamani, badala ya kutuma kioo? Jibu ninalo, na silipendi. Tumechimba miezi mitano kuufikia mchanga wenye dhahabu, na sheria ya shimo ni moja: anayeondoka kabla ya kuosha mchanga hana fungu. Niliinunua ile mashine ili nisitembee. Nilitaka Mama anione, na shimo lisinikose.

Nilimwomba Mwamini ampe Mama simu. Nikamwambia, "Mama, ni mimi, Ramazani." Nilisikia anapumua. Hakunijibu mimi, alimjibu Mwamini, lakini nilisikia.

"Mwambie huyo mtu wa simu asinichoshe. Watu wakinificha msiba, nauona kwa jinsi wanavyohangaika. Leo mmehangaika tangu asubuhi. Mwanangu akiwa hai, ana miguu."

Simu ikakatika. Sikupiga tena.

Nimetuma ujumbe kwa wenzangu wa shimoni wagawane fungu langu. Mmoja amejibu kwamba mimi ni mjinga, wamebakiza wiki mbili tu wafike. Huenda ni kweli. Wamekuwa wakibakiza wiki mbili tangu mwezi wa kwanza.

Sirudi na kitu. Sijui lile jicho limebakiza siku ngapi, na sijui kama atanikubali hata nikisimama mbele yake na pumzi zangu. Pengine atauliza tena, huyu ni nani.

Naondoka kesho alfajiri kwa miguu. Mito ikiruhusu, Jumanne niko Kasongo.