Soya Zenye Jicho Jeusi Kwenye Magunia Yangu

Kwako Dada Mitsue wa ukurasa wa Jumapili, nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, na kufika Ijumaa lazima niwe nimeamua, kwa hiyo nivumilie nikiandika ovyo.

Mimi ni mke wa mkulima hapa Chiba, na mwaka juzi mume wangu Ryohei alisimamisha nguzo shambani akaweka paneli za umeme wa jua juu yake, chini mimi nikalima soya, na umeme huo tunaouza ndio uliomrudisha nyumbani kutoka kiwandani Nagoya, maana kabla ya hapo mtoto wetu Sumire alikuwa kila akimwona baba yake analia kama kaona mgeni. Lakini kibali kina sharti, mavuno ya chini ya paneli yasipungue zaidi ya sehemu moja ya tano kuliko ya majirani, la sivyo kamati ya kilimo inaweza kutuamuru tung'oe nguzo, na ripoti ya kila mwaka, ambayo safari hii inatakiwa Ijumaa, napiga muhuri mimi kwa kuwa mlimaji ni mimi.

Mama mkwe, Mama Tokie, hakuzitaka paneli tangu mwanzo. "Mmeziwekea soya dari, sasa zitandikieni na mikeka zilale," alisema mbele ya majirani. Mwezi wa saba akaniambia nikate ncha za miche, kwa sababu kivulini hurefuka bila kuzaa, nami nikaitazama ilivyonawiri nikaingiwa na huruma, nikaiacha. "Bibie, umeolewa shambani au umekuja kulea maua?" akaniuliza. Novemba ilipofika yote ilikuwa imelala chini, maganda ya kuhesabu.

Ajabu, siku ya kupima magunia yalijaa. Nililia kwa furaha. Juzi nikawa nachambua soya kwenye sinia, nikaona punje zenye jicho jeusi, nyingi, na mbegu hiyo hapa kijijini anayo mama mkwe peke yake, aliachiwa na mama yake, huilima nyuma ya nyumba. Nikamwaga gunia la pili, na la tatu, mambo ni yale yale. Nikaenda ghalani kwake nikakuta mapipa matupu. Kumbe ndiyo maana alituambia mgongo unamuuma, mwaka huu hatengenezi miso, kile kiungo chake cha soya zilizochachushwa.

Mwanamke niliyedhani anangoja nianguke ndiye aliyenijazia magunia. Nikipiga muhuri nimedanganya, nikisema kweli nimemwaibisha yeye na pengine nimemrudisha Ryohei Nagoya. Ryohei hajui lolote. Nifanyeje?

Mama Sumire, Chiba

*

Mama Sumire, huo muhuri urudishe kwenye droo kwanza.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimeshika mdomo. Pole. Lakini na wewe, mwenzangu, mkulima gani anaihurumia miche? Uliambiwa kata na mtu aliyelima soya kabla hujazaliwa, ukamwona ana kisirani. Sasa amemaliza ghala lake kwa ajili yako, na kukuambia anaona aibu.

Uongo huu bado uko ndani ya nyumba yenu. Ukipiga muhuri tu, ni wako.

Leo hii beba sinia la soya za jicho jeusi, mwekee mbele, umwambie, "Mama, hizi zimepotea njia." Usimhoji. Mshukuru, halafu kaeni mchambue, na Ryohei akirudi mwambie kila kitu naye akae achambue. Za mama zirudi kwenye mapipa yake. Zinazobaki ndizo zako, zipime, uandike hivyo hivyo zilivyo.

Ijumaa nenda kwa kamati na uzito wa kweli na sababu ya kweli, kwamba hukukata ncha, na useme mwaka ujao utafanya nini. Muombe Mama Tokie mfuatane, awaeleze yeye namna ya kukata. Siwezi kukuahidi watajibu nini. Ila ni heri wakusikie wewe ukisema kuliko wazione punje wenyewe.

Na mwezi wa saba ujao, akisema kata, kata.