Pini ya Mti

Tarehe 4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Shikamoo na wewe shangazi, maana najua ndiwe unayesoma hapa kwa sauti na ndiwe utakayeandika jibu. Msomee yote, usiruke. Mimi huku mjini ni mzima, ila kiti cha ofisini kinaniua kiuno.

Baba, keti kwanza. Ile mashine yako ya kupukuchulia mahindi, ile ya baiskeli, imepita! Wale wageni waliokuja karakanani wakakupiga picha umeshika nyundo walikuwa wakuu wa mradi wetu. Ni mimi niliyewaleta, sikukuambia kwa kuogopa isije ikashindikana. Zitatengenezwa mia mbili kiwandani na kugawiwa bure kwa vikundi vya akina mama, na ya kwanza itakwenda kikundi cha shangazi. Kila moja itakuwa na kibati chenye jina lako.

Wataalamu wameirekebisha kidogo tu. Wameipaka rangi ya bluu, na ile pini ya mti inayoshikanisha gurudumu na rola wameitoa, wameweka bolti ya chuma. Mimi mwenyewe niliandika kwenye ripoti kwamba uliweka mti kwa kukosa chuma, na kwamba unakatikakatika. Walifurahi, wakasema hapo ndipo pa kusaidia.

Binti yako anayejivunia baba yake


Tarehe 19 Februari

Mwanangu Bi Ripoti,

Marahaba. Mgongo ni mzima. (Muongo huyu, tangu juzi anatembea kama anatafuta sindano iliyodondoka. Mimi shangazi yako.) Barua tumeisoma mara tatu. Shangazi yako alilia, akaenda kuwatangazia majirani, akarudi kulia tena. Mimi nimefurahi. Naanza na hilo ili hili la pili usilipokee vibaya.

Pini ile sikuiweka kwa kukosa chuma. Karakana ya fundi vyuma itakosaje chuma, nami vyuma vimenijaa mpaka mlangoni? Unakumbuka ulipokuwa mdogo, ukiketi juu ya ndoo unanichongea pini, nami nakukatalia ukichonga nene? Hukuuliza kwa nini, na mimi sikusema, nikidhani unajua. Lile gurudumu likishika kasi halisimami hata mtu akiacha kukanyaga pedali. Nguo ikinaswa, au kidole, rola linavuta. Pini nyembamba inakatika hapohapo, rola linasimama, mtu anatoa mkono wake, anachonga pini nyingine huku akinitukana. Kukatika ndiyo kazi yake. Waambie waitoe bolti hiyo, na usingoje.

(Mwanangu, baba yako anapenda kutia watu hofu. Ila waambie tu, roho yake itulie.)

Baba yako


Tarehe 30 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Nisamehe kwa kuchelewa, tumezama kazini.

Nimekuelewa, na nimeona aibu. Miaka yote ile nilidhani tunachonga mti kwa sababu ya umaskini. Lakini mashine zimeshatoka kiwandani, uzinduzi ni wiki ijayo, na wageni wameshakata tiketi za ndege. Nikisimama leo niseme mchoro una kosa, na kosa lenyewe nimeliandika mimi, kila kitu kitasimama, na mkataba wangu unaisha Juni. Acha uzinduzi upite. Nitasema kwa utaratibu, naahidi.

Binti yako


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Hatujambo, na wewe tunakuombea afya. Mashine zimefika. Ni nzuri, sitasema uongo. Kibati kinang'aa.

Nimekuwa nikizunguka na spana na mfuko wa pini. Nilibadilisha kumi na moja. Kwenye ya kumi na mbili nikakutwa na afisa wa mradi wenu. Alinigombeza mbele ya akina mama kwamba naharibu mali ya mradi, na fundi asiye na cheti haruhusiwi kuigusa. Nikamwonyesha jina langu kwenye kibati. Akasema fundi huyo anamfahamu, amemwona kwenye picha, na si mimi. Wakacheka, hata mimi nilicheka. Kisha akachukua spana yangu, na bolti zote zikarudishwa.

Shangazi yako naye amenikatalia. Ndiye anayelisha mahindi pale kwenye rola siku nzima, mwenzake akikanyaga. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Nakuomba karatasi moja tu yenye muhuri, iseme huyu fundi aachwe afanye kazi yake.

(Usimsikilize. Nikiitoa bolti tutapokonywa mashine, na wewe utaulizwa kazini. Watu wote hapa wanajua umetuletea wewe, sitaki kukuaibisha. Mikono yangu naijua. Wewe linda kazi yako, mwanangu.)

Baba yako


Tarehe 28 Juni

Baba na shangazi,

Shikamooni. Hii ni barua yangu ya tatu mwezi huu bila jibu. Mko wazima kweli?

Nina habari njema. Mkataba wameniongezea miaka miwili, na mashine imepata tuzo. Lile suala la pini nimeligusia. Wamesema liingizwe kwenye mkutano wa tathmini mwezi wa tisa. Karatasi yenye muhuri siwezi kuitoa kabla ya hapo, nivumilieni kidogo tu.

Shangazi, umechoka kuniandikia? Nimeyakosa mabano yako.

Binti yenu


Tarehe 20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wangu. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa namchumbia marehemu mama yako, na hata ile shangazi yako aliisahihisha.

Tarehe 14 Juni mkono wa gauni la shangazi yako ulinaswa kwenye rola. Mwenzake aliacha kukanyaga papo hapo. Gurudumu halikuacha, na bolti haikukatika. Ni mkono wa kulia. Hospitali wameuondoa kuanzia chini ya kiwiko.

Mimi nilikuwa karakanani, mita mia tu, nikachelewa. Hata kufungua bolti ile sikuwa na cha kuifungulia. Afisa wenu alifika kesho yake, akaandika kwamba mtumiaji hakufuata maelekezo.

Barua zako zilikuwa mezani. Nimezisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari. Shangazi yako ameketi kwenye ndoo yako, anajifunza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto, na herufi zinamkimbia. Ameniambia nikuandikie kwamba usijilaumu, kosa ni la gauni. Na kwamba amefurahi sana kuhusu mkataba. Nimeandika kama alivyosema.

Yangu mimi sijaandika. Nashindwa.

Nimechonga pini mia mbili, nyembamba kama ninavyotaka, ziko kwenye gunia. Karatasi yenye muhuri siihitaji tena. Njoo wewe mwenyewe, tuzunguke wote. Njoo na spana namba kumi na tatu, yangu waliichukua.

Baba yako