Adhabu ya Msichana Peke Yake

Nekesa mjukuu wangu,

Hujambo huko Eldoret? Sisi hapa Rågsved, huku Uswidi, ni wazima. Mama yako anakusalimu, na mdogo wako bado ananijibu kwa Kiswidi.

Umeniuliza kwa nini katika riwaya za Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria, msichana akipata mimba kabla ya ndoa lazima afe. Swali lako limeniamshia hasira ya zamani.

Shuleni tulisoma riwaya ya namna hiyo. Msichana alipokufa kwa baridi, mwalimu alifunga kitabu akasema, "Alistahili."

Rafiki yangu Salome alisimama. "Na yule bwana aliyempa mimba, mwalimu, mbona yeye anakunywa chai?"

Alichapwa mbele yetu sote.

Mwaka uliofuata Salome mwenyewe alipata mimba, akafukuzwa. Kijana aliyempa mimba alibaki darasani akafanya mtihani, na hakuna aliyemuuliza neno. Hata mmoja!

Lakini Salome alijifungua salama, akarudi kusoma kwingine, akawa mkunga. Jumapili nilimpigia simu nikamweleza swali lako. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwambie mjukuu wetu," alisema, "waandishi wale waliogopa kutuacha tuzeeke."

Nyanya yako,
Rågsved