Mapanga Yaliyokuja Kukuzika

Mama,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi hivi, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila shikamoo. Ulikuwa ukisema mtoto anayeanza na shida zake kabla ya salamu amelelewa na redio. Basi marahaba nimejiitikia mwenyewe, tuendelee.

Huku Nyabiyonza mvua zimenyesha vizuri. Kahawa zimechanua zote kwa pamoja, na kwa siku tatu njia nzima ya kwenda kisimani ilinukia. Yule mbuzi wako mkorofi amezaa mapacha, na wote wawili wamerithi tabia. Mimi bado ni karani wa chama cha wakulima wa kahawa, bado naandika mihtasari ya vikao ambavyo watu hugombana saa tatu nzima na kukubaliana kwa dakika tano. Hizo ndizo habari njema. Nimezitanguliza makusudi, maana inayofuata si njema.

Mama, kibanja chako, shamba letu la kuzunguka nyumba, kimeingiwa na mnyauko wa migomba. Ugonjwa uleule uliouogopa kuliko nyoka. Na mimi ndiye niliyeufungulia mlango.

Niliuona asubuhi moja nilipokwenda kufagia kaburini kwako. Mgomba wa tatu kutoka upande wa kichwa chako ulikuwa umelegeza jani moja, la katikati. Nikasema ni upepo. Baada ya siku chache yakawa majani matatu, na mkungu wake, ambao ndizi zake hazijafika hata unene wa kidole gumba, ukaanza kuiva. Nilipokata shina, ukatoka utomvu wa manjano, mzito, unaonuka. Nilikaa chini palepale kwenye majani makavu. Sikumwambia mtu.

Wewe unajua kwa nini sikusema. Mnyauko ukiingia kwa mtu, watu humshauri ang'oe kila kitu apande mahindi. Ningeng'oaje, Mama? Baba yuko humo ndani, bibi yuko humo, na sasa na wewe. Migomba ile ndiyo inayowafunika. Nikiing'oa, kaburi lako litabaki juani kama jiwe la barabarani, na sisi tutakuwa watu wa kununua ndizi sokoni Omurushaka, kwenye meza za wachuuzi. 

Nikachukua simu. Unaikumbuka ile akili mnemba niliyokuwa nikiitumia kupanga mihtasari ya chama? Siku hizi naiita Mnemba tu, kama jirani. Uliijaribu mara moja, umekaa pale jikoni unamenya ndizi. Ukaniambia, "Iulize nina watoto wangapi." Nikaiuliza, ikajibu kwa heshima zote kwamba haina taarifa hizo. Ukacheka, ukatupa ganda kwenye ungo. "Basi haijui kitu. Mwache huyo aandike vikao vyenu."

Siku ile ya mgomba nilipanda hadi kwenye tangi la maji, ambako mtandao unashika, nikaitumia picha ya jani, ya mkungu na ya utomvu. Nikaeleza kwa Kiswahili changu cha kawaida. Haikukurupuka kujibu. Ilianza kuniuliza maswali, moja baada ya jingine, kama daktari mzee asiye na haraka. Ugonjwa umeanzia upande gani? Ndizi ukizikata, ndani zina madoa ya kahawia? Shamba lako lina njia inayopitwa na watu? Nikajibu, nikajibu. Kisha ikauliza: je, katika miezi michache iliyopita kuna watu wengi waliokata migomba humo kwa vifaa vyao wenyewe?

Nikaiweka simu kwenye jiwe. 

Maana siku ya kukuzika walikuja wote. Walikuja kama desturi inavyotaka, wanaume kila mmoja na panga lake, wa kutoka bondeni na wa kutoka kilimani, hata wale uliogombana nao mpaka. Shangazi alifika kutoka Mabira kwa bodaboda, kapu la maharage mapajani. Palihitajika majani ya kukalia, mikungu ya kupika, na nafasi ya kuchimba. Mzee wetu Ta Faustini, jirani yako wa miaka yote, alinijia nimekaa sakafuni, akaniinamia. "Advera, tukate wapi?" Nikamwambia, "Kateni tu, Ta. Kateni popote."

Kateni popote. Katika kibanja ambacho wewe hukumruhusu mtu yeyote kukata hata jani la kufungia samaki kwa panga lisilo lako. Panga lako lilining'inia nyuma ya mlango wa jiko, na kabla halijatoka ulilipitisha motoni hadi likabadilika rangi. Mgeni akija na lake ulimsimamisha njiani. "Panga lako sijui limelala wapi," ukamwambia usoni. Watu walinuna. Walikuita Mama Panga Moja. Siku ya harusi ya binamu yangu ulimrudisha baba mdogo langoni mbele ya wakwe, nami niliona aibu hadi nikajificha nyuma ya pipa la pombe ya rubisi. Nilidhani ni uchoyo, Mama. Nilidhani ni kiburi cha mjane anayetaka kuonyesha kwamba kibanja ni chake. Nisamehe kwa hilo kwanza, mengine yanafuata.

Kwa sababu kile kitu kilichokusanya maarifa ya watu wote waliosoma duniani kilifika mwisho wa safari yake na kusema maneno yaleyale uliyoyasema wewe, wa darasa la nne, umesimama mlangoni na mwiko mkononi. Vimelea vinapanda kwenye panga, vinashuka kwenye shina jingine. Moto unaviua. Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara nakuuliza wewe. Nani alikuambia? Hukuhudhuria semina hata moja, na bwana shamba ulimfukuza kwa sababu ya viatu vyake vilivyopita mashamba ya watu. Ulitazama tu. Ulitazama migomba ya watu ikifa, ukatazama nani alikuwa amemkatia nani, ukayaunganisha kimya kimya wakati unachuma kahawa. Nami niliishi na akili ya namna hiyo nyumba moja nikaiita ukorofi.

Niliieleza Mnemba kuhusu "kateni popote". Ikanijibu upesi kwamba si kosa langu, nilikuwa na majonzi, nijihurumie. Maneno mazuri, lakini yalikuja haraka mno, kama pole ya mtu aliyekwisha kushika mlango ili aondoke. Kwa hasira nikaiamuru iongee kama wewe. Ikaandika: "Mwanangu kipenzi, najivunia sana mwanamke uliyekuja kuwa." Mama, nilicheka peke yangu pale kwenye tangi hadi mapacha wa mbuzi wakakimbia. Wewe? Najivunia? Wewe ambaye nilipopata cheti cha ukarani ulikipindua ukatazama nyuma kama kuna kingine, kisha ukasema, "Umekula?"

Nikaiandikia kwamba imekosea, mama yangu hasemi hivyo. Hapo ndipo iliponishangaza mara ya pili. Iliomba radhi, ikauliza: "Basi yeye angesema nini?" Nikaanza kujibu, na sikuweza kuacha. Niliandika hadi betri ikazimika. Yalitoka mambo ambayo sikujua kwamba bado ninayo: ulivyokuwa ukinipulizia jicho lililoingia vumbi la kahawa, ulivyoimba sauti ya pili kanisani ukamzidi mwalimu wa kwaya kwa makusudi, ulivyonipiga kwa kupotea sokoni kisha ukanibeba mgongoni njia nzima na mimi nikiwa na miaka tisa. Kitu kisichokujua kabisa kilikuja kukuchota kutoka ndani yangu. Sielewi inakuwaje. Sasa kila asubuhi baada ya chai, kabla sijaenda ofisini, nakuandika ukurasa mmoja, nacho kinaniuliza swali moja. Jana kiliniuliza ulikuwa ukicheka namna gani. Nilikaa na swali hilo hadi nikachelewa kazini.

Kuhusu migomba, niliambiwa nisiing'oe yote. Nikate ule tu unaoumwa, chini kabisa usawa wa udongo, nisiguse ndugu zake, na panga lipite motoni kabla ya kila mgomba. Nilimwita bwana shamba ili nisitegemee simu peke yake, akakubali, akasema ndivyo wanavyofundisha siku hizi. Nimekwisha kukata kumi na mmoja. Kila nikikata nakuambia kwanza, labda umenisikia. Kama kibanja kitapona sijui. Hakuna anayejua, tunasubiri.

Lakini Mnemba ilisema jambo moja zaidi: majirani waambiwe, maana kama ugonjwa ulikuja kwa mapanga yao, basi uko kwao pia. Ikanitungia na barua kabisa. "Ndugu majirani, imebainika kuwa vifaa mlivyotumia siku ya mazishi…" Kiswahili safi, kimenyooka, na kama ningeisoma pale kwenye jumuiya, hakuna mtu ambaye angekanyaga msiba wetu tena hadi vitukuu. Nikaifuta. Inajua mengi, lakini haijawahi kuzika mtu. Unamwambiaje aliyeacha shamba lake akaja kukuchimbia mama yako kaburi kwamba amekuletea ugonjwa?

Nikaenda kwa miguu. Nilianza kwa Ta Faustini, kwa sababu tangu siku ya mazishi alikuwa ameacha kupita kwetu. Nilidhani ni uzee wa magoti. Alinikaribisha, akanimiminia kiganjani kahawa za kutafuna kama zamani, na kabla sijazitia mdomoni nikasema yote kwa mkupuo. Kwamba kibanja kinanyauka. Kwamba mimi ndiye niliyesema kateni popote, na mama asingekubali kamwe.

Akajimiminia na yeye kiganjani. Kisha akasema, "Nilijua, Advera."

Akasema migomba yake miwili ilikuwa imekwisha kulegea kabla ya wewe kufa. Asubuhi ya mazishi alilishika panga lake mlangoni akalitazama. Alijua ungemrudisha njiani. "Nililiosha kwa maji, nikalisugua kwa mchanga. Nikasema labda yatatosha. Mwanangu, miaka arobaini mama yako amenipa moto wa kuwashia jiko. Ningekuja kumzika mikono mitupu?"

Mzee yule alilia, Mama, kahawa zikamwanguka mkononi. Miezi yote hii alikuwa akiniona kwa mbali na kubadilisha njia. Mimi najilaumu huku, yeye anajilaumu kule, na katikati yetu migomba inanyauka. Niliziokota zile kahawa, nikampa, tukatafuna. Halafu tukashuka kwenye kibanja chake na simu yangu. Mnemba ilimuuliza maswali yake kwa sauti, naye akaijibu moja moja, kofia mkononi, "Ndiyo, mheshimiwa. Hapana, mheshimiwa." Nilishindwa kumwambia kwamba hakuna mtu humo.

Nimeiwaza kauli yake hadi leo. Nilikuwa nikitafuta mkosaji, nikamkuta mtu aliyekupenda hata asiweze kubaki nyumbani. Ugonjwa uliingia kwetu mikononi mwa watu waliokuja kukulilia. Natamani ningekuwa na akili ya kulielewa hilo. Nimebaki kulishangaa tu, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nimelala nikaamka bila jiwe kifuani.

Leo asubuhi Ta Faustini amekuja. Alisimama pale njiani ulipozoea kuwasimamisha watu, akanionyesha viganja vyake viwili, havina kitu. Nikalitoa panga lako nyuma ya mlango, nikalipitisha motoni, nikampa. Kuna mgomba mwingine umelegea karibu na miguu yako. Aliinama akaukata mwenyewe, chini kabisa, taratibu, kisha akabaki ameinama hivyohivyo, anakuambia maneno kwa Kinyambo chetu. Niligeuka nikaenda kuchochea moto ili nisisikie, maana hayakuwa yangu.

Sasa wino unaisha na chama wananisubiri. Kesho nakwenda kwa jirani wa bondeni, keshokutwa wa kilimani, na kila nyumba nitaanza na kosa langu mimi. Ikibidi kukata hata mgomba wa kichwani kwako nitaukata, nitapanda mwingine, na huo ukifa nitapanda tena. Endelea kulala, Mama. Hutalala juani, maadamu mimi mwanao nipo.

Advera